Kutembelea chuo cha muziki na klabu za taarab Mji Mkongwe: maandalizi, ala, na yanayoharibu ziara

MwalimuKwaya

Wakuu habari zenu. Nina kundi la wanakwaya 14 wa sekondari kutoka Morogoro, wote wanasoma sol-fa vizuri, wanne wanapiga kinanda na wawili gitaa. Hakuna aliyewahi kugusa kanuni (ala bapa ya nyuzi nyingi) wala udi (ala ya nyuzi inayofanana na gitaa). Tunataka siku mbili Unguja, lengo kuu likiwa Dhow Countries Music Academy (DCMA), na ikiwezekana klabu moja ya taarab asilia. Naomba kujua: tunawasiliana vipi na chuo, tuombe nini, siku na saa gani zinafaa, na watoto wanaweza kushika ala au ni kutazama tu? Matangazo ya watalii sihitaji, nataka maelezo ya watu wanaoujua muziki wenyewe.

MtiniPwani

Karibu sana mwalimu. Nianze na mahali, maana wengi wanapotea hapo.

DCMA ilifungua milango mwaka 2002, na anuani iliyoipa jina ni ghorofa za juu za jengo la Forodha ya Zamani, barabara ya Mizingani. Mkishuka boti bandarini Malindi, tokeni getini mfuate barabara ya ufukweni, bahari ikiwa mkono wa kulia. Mtapita Dispensari ya Zamani, lile jengo lenye vibaraza vya mbao vilivyochongwa kama lesi, kisha Mtini (ule mti mkubwa wa zamani), kisha Forodha. Mkijikuta Jumba la Makumbusho la Kasri mko mbele yenu, mmeshapitiliza kidogo. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, hakuna haja ya teksi. Hata hivyo piga simu kabla ya kutoka Moro uulize siku hiyo madarasa na maonyesho yanafanyika jengo gani, kwa sababu shughuli za muziki Mji Mkongwe zinahamahama kati ya kumbi.

Jengo lenyewe lipeni dakika kumi. Ni la mwishoni mwa karne ya 19, kwa nje halina mbwembwe, lakini mlango wake una nakshi za samaki, yungiyungi na mnyororo wa nanga. Waonyeshe watoto mnyororo ule kwenye fremu, umechongwa pete kwa pete. Hapo ndipo Hamoud bin Mohammed alipotangazwa Sultani mwaka 1896, baada ya Waingereza kulipiga mizinga kasri la jirani.

Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, msiipangie ziara ya ndani. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Itazameni kwa nje, na sababu ya kusimama pale ni ya kimuziki: Sultani Barghash, aliyeijenga mwaka 1883, ndiye aliyemtuma Mohammed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni ili aje kupiga kasrini.

BintiVuga

Kuhusu mawasiliano. Barua ya "tunaomba kutembelea chuo chenu" haimsaidii mtu. Mwenye kuipokea hajui aandae nini, na matokeo yake mtazungushwa vyumba vitupu. Andika wiki tatu kabla, na barua iseme haya yote: tarehe na saa mnayotaka pamoja na tarehe ya akiba, idadi (wanafunzi 14, walimu wangapi), umri, kiwango chao, ala wanazozijua, na mnachoomba hasa. Hapo pa mwisho chagua moja kati ya matatu: kuzungushwa na kuelezwa, kupigiwa mfano wa muziki na walimu, au somo la vitendo. Kila moja lina bei yake na linahitaji watu wake. Uliza pia kama bei ya somo ni kwa saa au kwa kichwa, na kama ala za kutumia zimo ndani ya bei.

Kwa watoto 14, omba somo la vitendo na mgawanyike makundi matatu: udi, kanuni, ngoma za mkono. Watu 14 mbele ya kanuni moja ni hasara. Wa mstari wa nyuma hawaoni vidole, na ala yenyewe sauti yake si kubwa.

Saa: msiende asubuhi mkitegemea kusikia mazoezi. Wanafunzi wengi wa muziki pale mjini asubuhi wako shule au kazini, nyumba inachangamka alasiri. Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana achaneni nayo kabisa. Ramadhani msije, klabu hunyamaza mwezi mzima. Sikukuu ya Idi ni kinyume chake, maonyesho ndiyo msimu wake, ila walimu wenyewe watakuwa jukwaani na hawatakuwa na muda wa kufundisha wageni. Februari kuna Sauti za Busara pale Ngome Kongwe. Mtasikia muziki mwingi, lakini nyumba za wageni hupanda bei na walimu wanakuwa na mazoezi ya jukwaa.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, wavulana pia wasije na kaptula za mpira.

KibarazaniTu

Mimi natofautiana kidogo na waliotangulia. Chuo ni kizuri kwa kufundishwa, lakini ukitaka kujua taarab inaishi vipi, nenda klabuni. Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, na wazee wengi bado wanaijua kwa jina la Malindi. Culture Musical Club ilianza 1958 ndani ya kikundi cha vijana cha Shime Kuokoana, na nyumba yao iko Vuga. Hizo ndizo shule zenyewe. Mtu anaingia kijana, anakaa nyuma na rika (tari ndogo) au dumbaki (ngoma ya mkono), miaka inapita, anasogezwa mbele kidogo kidogo. Chuo kimekuja juzi kuandika kwenye karatasi kile ambacho klabu zimekuwa zikifundisha kwa sikio.

Mazoezi ni usiku, baada ya sala ya Isha. Uliza mchana huohuo kama yapo, maana msiba mmoja tu wa mwanachama unayaahirisha. Mkiingia, kaeni viti vya nyuma au pembeni na muache njia ya kati wazi. Msiombe wimbo. Mazoezini kipande kimoja kinarudiwa hata mara sita kwa sababu ya fidla mbili zisizolingana, na hapo ndipo pa kusikiliza: anayesimamisha ni nani, anasahihisha kwa maneno au kwa kupiga?

BintiVuga

@KibarazaniTu hapo kwenye klabu niko nawe, lakini watoto wa sekondari 14 usiku kwenye chumba kidogo ni mzigo kwa wenyeji. Apeleke saba leo na saba kesho, au aombe wote wasikilize wakiwa barazani, madirisha huwa wazi.

Kastabini78

Mwalimu ameuliza kama watoto wanaweza kushika. Wanaweza, mradi wajue wanashika nini. Nitaongelea kanuni maana ndiyo inayoumizwa zaidi na wageni.

Kanuni ya Kiarabu ina nyuzi 78, zimepangwa tatu tatu, yaani sauti 26. Kila nyuzi tatu zinatakiwa zitoe sauti moja. Upande wa kulia nyuzi zinakalia kidaraja kirefu cha mbao, na miguu ya kidaraja hicho haikanyagi ubao, inakanyaga vipande vya ngozi ya samaki vilivyowambwa juu ya matundu. Mzigo wote wa nyuzi 78 umebebwa na ngozi nyembamba kama karatasi. Kwa hiyo sheria ya kwanza, ambayo haina mjadala: hakuna kiganja wala kiwiko juu ya ngozi, na hakuna kuegemeza simu hapo ili kurekodi. Ngozi ikichanika, kuibadilisha ni kazi ya fundi, nyuzi zote zishushwe kwanza.

Inapigwa kwa risha mbili (vipande vya kudonolea nyuzi), moja kila mkono, zikibanwa kwenye kidole cha shahada kwa pete inayoitwa kastabini. Mtoto asipewe kastabini kubwa kuliko kidole. Risha inageuka upande, anaanza kubana kwa dole gumba, mkono unakakamaa. Ncha ya risha itokeze kidogo tu mbele ya kidole. Mpigaji apite nyuzi tatu kwa mkupuo mmoja, asidonoe mmoja mmoja.

Upande wa kushoto mtaona vijichuma vidogo vingi chini ya nyuzi. Kikiinuliwa, kinafupisha urefu wa uzi unaotikisika na sauti inapanda kidogo. Hivyo ndivyo mpigaji anavyohama maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) katikati ya wimbo kwa mkono wa kushoto bila kusimama. Waombe walimu wawaonyeshe jambo hili polepole: apige ngazi moja, ainue kijichuma kimoja, apige tena. Watoto wa sol-fa watashtuka.

Sasa kutuni, yaani kuweka sauti za nyuzi sawa. Ziara nyingi huchelewa hapa, wageni wanadhani mwalimu hajajiandaa. Hali ya hewa ndiyo inayochelewesha. Unyevu ukiwa mwingi, kama wakati wa masika, ngozi inalegea, kidaraja kinazama na nyuzi zote zinashuka pamoja. Upepo mkavu wa kaskazi ukivuma ngozi inakaza na sauti zinapanda. Ukiitoa ala kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaipeleka barazani, baada ya robo saa inahitaji kutuniwa upya. Utaratibu wenye akili ni huu: unatuni uzi mmoja katika kila kundi la tatu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sauti zote 26. Halafu unarudi kuzifuata zile mbili zilizobaki kwa sikio mpaka zisipigane. Ukimaliza, zile za kwanza zitakuwa zimeshuka, kwa sababu umeongeza mzigo juu ya ngozi. Unarudia. Anayejaribu kumaliza kundi moja moja kabisa kabla ya kwenda jingine atazunguka jioni nzima.

Kinachokata nyuzi kwa kawaida ni ufunguo kuwekwa kwenye kigingi cha jirani. Unazungusha, husikii sauti ikibadilika, unazidi kuzungusha, pah! Donoa uzi kwanza, geuza ufunguo kidogo sana, usikie huo uzi uliodonoa ndio unaosogea.

MwalimuKwaya

Asante sana @Kastabini78. Hapo kwenye kushtuka: watoto wangu wanajua kila sauti ina jina, do re mi na nusu zake. Hizo za katikati niwaelezeje kabla ya safari?

Kastabini78

Usianze na nadharia. Chukua programu ya kutuni kwenye simu, iweke la 440. Waimbe do, re, kisha mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu), kisha mi. Halafu mtoto mmoja aimbe akitafuta sauti ambayo sindano inasimama katikati, kati ya mi bemoli na mi. Hiyo ndiyo ya tatu ya maqamu Rast ikianzia do. Wataivuta juu iwe mi au waiangushe iwe bemoli, ndivyo koo zilizolelewa na kinanda zinavyofanya. Dakika kumi kwa siku kwa wiki mbili zinatosha masikio yaizoee. Kuiimba vizuri ni kazi nyingine.

Jingine: kodiani ya kawaida na kinanda havina sauti hiyo. Kwa hiyo bendi ikiwa na kodiani, nyimbo nyingi zitapigwa kwa maqamu zisizo na robo (hizo sauti za katikati), kama Nahawandi na Ajamu. Hijazi nayo hupigwa hivyohivyo kwenye vinanda. Wakiuliza "mbona huu wimbo hauna zile sauti", jibu liko kwenye kodiani. Misri kuna kodiani zilizorekebishwa ndani ili zitoe robo, lakini usitegemee kuikuta kila mahali.

FundiNgambo

Mie niongeze ya udi, maana wenye gitaa ndio watakaoukimbilia.

Udi uliozoeleka una nyuzi 11: jozi tano na mmoja wa besi peke yake. Kutuni kunakotumika sana kwa Waarabu, kuanzia wembamba kushuka: do, sol, re, la, fa, do. Mpiga gitaa atatafuta vizuizi shingoni asivione. Shingo ni laini tupu, na ndiyo sababu zile sauti za katikati zinatoka. Kosa lao la kwanza ni kukandamiza kwa nguvu kama gitaa. Ubonyeze kwa ncha ya kidole, karibu na kucha. La pili ni risha. Ya udi ni ndefu na inalala ndani ya kiganja, inapita chini ya vidole na kutokeza mbele, mkono ukiingia kutoka nyuma ya mwili wa udi. Wakiishika kama ya gitaa, sauti inatoka nyembamba na kifundo cha mkono kinachoka.

Tumbo la udi ni vipande vyembamba vya mbao vilivyounganishwa kwa gundi ya ngozi. Gundi hii inalegea kwa joto na unyevu, na ndiyo maana inatumika, fundi aweze kufungua bila kuvunja. Maana yake udi ukiachwa ndani ya gari juani, au kwenye sitaha ya boti, mishono inaanza kuachia. Dalili: sauti ya kukereza kwenye noti fulani tu. Gonga tumbo polepole kwa kifundo cha kidole kuzunguka lote. Palipoachia panalia kavu, tofauti na kwingine.

Vigingi vya udi havina skrubu, vinashikwa na msuguano tu. Vikiteleza, paka chaki. Vikikwama, sabuni kavu ya mche. Wengine huchanganya vyote viwili, na kwa hewa yetu ya Unguja mchanganyiko ndio unaodumu. Usitie mafuta ya kula wala grisi, kigingi hakitashika tena.

Kama kuna anayeleta ala yake kutoka bara: ndani ya boti pamoja na abiria, si kwenye mizigo. Safari ni kama saa mbili, nyuzi hazihitaji kulegezwa. Kwenye ndege zilegeze kiasi cha sauti moja au mbili, zisiachiwe kabisa.

MvitaHuru

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mwalimu asije akawaambia watoto kuwa waliyoyasikia Unguja ndiyo taarab yote. Huko ni okestra, fidla nyingi zikifuata mtindo wa Kairo. Kwetu Mombasa njia ya Juma Bhalo ni ya Kihindi, kinanda cha mkono na tabla, na tuni za filamu. Zein l'Abdin wa Lamu yeye ni udi. Tanga miaka ya 60 Black Star waliingiza gitaa la umeme na besi. Wapewe mifano minne hii waisikilize kwenye basi.

Na kwa mnaokuja Nairobi kutafuta chuo cha muziki cha zamani, Kenya Conservatoire of Music ipo tangu 1944, lakini huko ni piano, fidla na uimbaji wa Kizungu. Mtu asitarajie kanuni.

KibarazaniTu

@MvitaHuru umenena. Ila hata Unguja si okestra tupu. Mwalimu, ukiomba mfano mmoja tu chuoni, omba kidumbaki. Ngoma ndogo mbili, moja ya sauti ya juu na moja ya chini, fidla moja, mkwasa (vijiti vya kugonga), cherewa (manyanga) za vifuu, na sanduku. Watu sita wanatosha kuikesha harusi. Sanduku ni kasha la mbao la chai lililopinduliwa, uzi mmoja na fimbo. Besi inabadilika kwa kuvuta fimbo, uzi ukikaza sauti inapanda. Watoto wako wanaweza kwenda kuliunda Morogoro kwa kasha lolote la mbao nyembamba. Likiwa na mbao nene halitavuma, litagonga tu. Na kasha liinuliwe upande mmoja kwa kijiwe ili sauti itoke chini, likilala bapa juu ya saruji linaziba.

Ngoma zenyewe hukazwa kwa moto wa makaratasi au kuwekwa juani. Mkiona moto mdogo uani kabla ya kuanza, msishangae, ndio kutuni kwenyewe.

SomoWaKiembe

Hakuna aliyegusia kutunza, yaani kumpa mwimbaji hela, na ndipo wageni wanapojiaibisha onyeshoni. Tamasha la taarab asilia aghalabu linafunguliwa na bashrafu, kipande cha ala tupu. Hapo mnatulia, hakuna kuinuka. Mwimbaji akianza beti, anayeguswa na maneno anainuka, anakwenda mbele taratibu na mdundo, anampa noti mkononi, anarudi kwa njia ileile. Noti ndogo si aibu. Aibu ni kurusha, au kusimama mbele kumpiga picha ukiwa umeifumbata hela. Watoto wa kike waliopewa hela na mwalimu wao wakatunze wawili wawili, inapendeza.

Ujue pia kutunza kuna maana yake. Wimbo ukiwa wa mafumbo kumsuta mtu, anayeinuka kwenye beti fulani anaweza kuonekana kamlenga mtu fulani ukumbini. Mgeni hatashikiwa kinyongo, lakini uliza aliye karibu wimbo unasema nini kabla hujanyanyuka. Wimbo wa mapenzi au wa kusifu hauna shida.

Kurekodi: omba ruhusa kwa kiongozi wa kundi, si kwa mpiga ala aliye karibu nawe. Kipande kifupi cha kumbukumbu hawakatai. Wimbo mpya ambao haujatoka hawataruhusu, na wana haki.

MwalimuKwaya

Nashukuru sana wakuu. Nimepanga hivi: siku ya kwanza boti ya asubuhi, tukifika moja kwa moja chuoni saa tano, somo la saa tatu mfululizo, jioni Forodhani kula, usiku klabuni wote 14. Siku ya pili kutembea mjini na boti ya jioni.

BintiVuga

Badilisha. Saa tano chuo kimelala, na watoto watakuwa wametapika baharini, hasa miezi ya kusi. Siku ya kwanza mkifika pumzikeni, tembeeni ufukweni mpaka Ngome, kuleni. Chuoni saa tisa hadi saa kumi na moja, kila kundi dakika 35 kwa ala moja kisha wabadilishane. Saa tatu mfululizo vidole vya wanaoanza haviwezi, ncha zitakuwa zimechubuka kwa nyuzi za udi. Usiku wa kwanza kundi la saba klabuni, usiku wa pili la saba wengine, na boti mpande asubuhi ya siku ya tatu. Kama bajeti hairuhusu usiku wa pili, wote wakasikilize barazani saa moja tu kisha warudi.

Kila mtu awe na kitambulisho cha shule, na wewe uwe na orodha ya majina yenye muhuri wa shule. Mtaulizwa kwenye tiketi na pale bandarini.

FundiNgambo

Na wakate kucha za mkono wa kushoto kabla ya safari. Za kulia ziacheni, hazisumbui.

Kastabini78

Kwa wale watakaoanzia kanuni, kucha hazina shida pande zote. Ila pete na bangili zivuliwe kabla ya kukaa, chuma kikigonga ile ngozi tumekwisha.